Wakaguzi wa Nyumba za Wengine

Kuna watu ambao hawawezi kupita mbele ya nyumba ya mfanyakazi bila kutaka kuingia. Wakishaingia huinua kifuniko cha sufuria, huhesabu vitanda, hupitisha kidole juu ya kabati kutafuta vumbi, kisha hutoka na uso wa mtu aliyefanya hisani. Laurentine Kunda aliwafahamu watu wa namna hiyo tangu akiwa na miaka sita. Kibaya zaidi, kwa miaka kumi na sita yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao.

Alizaliwa mwaka 1952 katika kambi ya wafanyakazi wa shaba, hapa hapa Lubumbashi, wakati mji ulikuwa bado unaitwa Élisabethville. Baba yake, mtu wa kaskazini ya Katanga, upande wa Kongolo, alifanya kazi kwenye tanuru. Alipewa nyumba ya matofali yenye vyumba viwili, kimoja cha wazazi na kimoja cha watoto, na mbele yake kipande cha ardhi cha kupanda maua. Maua, si mihogo. Mambo hayo yote yalikuwa yamekwisha kuamuliwa Ulaya, karibu karne moja kabla, na matajiri walioanza kuwaogopa wafanyakazi wa miji yao wenyewe. Waliona kwamba mtu anayelala na mke wake na watoto wake tu, katika nyumba safi yenye bustani, hanywi sana, hagomi, na asubuhi anawahi kazini. Wazo hilo lilipita nchi hadi nchi kama nguo za mtumba, likafika Katanga, ambako hakuna aliyeliomba.

Kambini kulikuwa na foyer, yaani nyumba ya kufundishia akina mama. Mama yake Laurentine, Mama Madeleine, alifundishwa huko kufuma, kupiga pasi na kuogesha mtoto, yeye ambaye alikuwa amekwisha kuogesha watoto wanne na wote wazima. Kila mwaka kulikuwa na mashindano ya nyumba safi. Mwaka 1958 Mama Madeleine alikuwa karibu kushinda. Asubuhi ya siku ya picha, madamu mmoja mkaguzi alikuja kutazama mara ya mwisho, akakuta kwenye chumba cha watoto mwanamke kijana ananyonyesha.

"Huyu nani?" aliuliza.

"Ni Bwalya, dada ya bwana yangu," alijibu Mama Madeleine. "Bwana yake alikufa. Alikuya na mutoto yake."

"Jamaa ni baba, mama na batoto," alisema madamu. "Huyu hapana jamaa."

Bwalya aliambiwa atoke kabla ya saa sita, kwa sababu mpiga picha alikuwa anakuja saa nane. Alitoka na mtoto mgongoni na mkeka kichwani, akaenda kukaa kwa rafiki yake ng'ambo ya uzio wa kambi, katika kibanda cha udongo. Zilikuwa siku za mvua kubwa. Mtoto alishikwa na kifua, na kabla mwezi haujaisha walimzika. Mama Madeleine alipata zawadi ya kwanza, beseni kubwa la buluu, na picha yake ilipigwa amelishika mbele ya mlango. Beseni hilo alilitumia kunyweshea bata. Hakuna siku aliyolitaja kwa jina lingine ila "kile kintu".

Mtu angefikiri kwamba baada ya hapo Laurentine hangekanyaga foyer. Lakini mwaka 1973, akiwa na diploma yake mkononi na bila mume bado, alikubali kuwa monitrice, mwalimu wa akina mama. Wazungu wengi walikuwa wameondoka; daftari la ukaguzi lilikuwa limebaki. Walimpa blauzi nyeupe na viatu vya ngozi, na wanawake waliomzidi umri walisimama akiingia. Alipenda kuona wakimsimamia hivyo. Hilo alilisema baadaye bila kujificha, kwa sauti ile ile aliyotumia kuwasema wengine.

Mwaka 1981 alikagua nyumba ya Godefroid Mwape, fundi wa mitambo, akakuta wazee wawili wamelala jikoni. Walikuwa wakwe zake, wamekuja kutibiwa. Laurentine aliandika: watu wawili zaidi, nje ya orodha. Wiki iliyofuata wazee wale walipandishwa lori na kurudishwa kwao. Mama mkwe hakuonana tena na binti yake.

Miaka ikapita. Kazi ya kambi ikadhoofika, mishahara ikakatika, foyer ikafungwa madirisha kwa mbao. Nyumba ziliuzwa kwa waliokuwa wanakaa ndani yake, na Laurentine, sasa mjane, akajikuta jirani ya Godefroid, ukuta kwa ukuta. Siku moja alijikaza akamtajia jambo la wakwe zake.

"Ulikuwa unatumika kazi yako, mama," alisema Godefroid, na kumjazia kikombe cha chai.

Jibu hilo lilimuuma kuliko tusi. Ni jibu ambalo kila mkaguzi hujipa mwenyewe kabla ya kulala.

Kitu kimoja kilimfurahisha katika uzee wake, nacho ni namna kambi ilivyoharibika. Nyumba zile zilizopimwa kwa sentimita zilianza kuota viungo. Mmoja aliongeza jiko nyuma, mwingine chumba cha binti aliyeachika, mwingine kibanda cha kuuzia makala, yaani mkaa. Penye maua palipandwa mboga, lengalenga na matembele. Laurentine mwenyewe alijenga annexe ya vyumba viwili, yaani nyumba ndogo ya uani, akaweka ndani yake wajukuu wawili wanaosoma chuo kikuu. Hakuna aliyekuja kuhesabu mikeka.

Mpaka mwaka 2022. Mwaka huo lilifika shirika linaloitwa Toit Exemplaire, kutoka Ulaya, likiwa na magari meupe mawili na hamu ya kuifanya kambi kuwa "mtaa wa mfano". Mkuu wake alikuwa Monsieur Gauthier, Mbelgiji wa miaka arobaini hivi, mpole, mwenye ndevu zilizokatwa vizuri na tabia ya kushika moyo wake anapoongea. Msaidizi wake alikuwa Nono, binti wa hapa mjini, mwenye tableti na haraka. Waliposikia kwamba kuna mama mmoja aliyewahi kuwa monitrice, walifurahi kama watu waliookota kitu cha makumbusho. Walimwalika kwenye semina ya siku mbili, hoteli moja upande wa Karavia.

Laurentine alivaa kitenge chake kizuri akaenda. Alikaa mstari wa pili, akala biskuti zao, akamsikiliza Gauthier akielezea "urithi wetu wa pamoja". Kwenye ukuta zilipita picha. Gauthier alionyesha nyumba za wapangaji wa Londoni, ambako mabibi wa heshima walipita kila wiki kupokea kodi na kutoa mawaidha. Alionyesha mtaa wa wafanyakazi wa Mulhouse, kila nyumba na bustani yake. Alieleza maonyesho ya Paris ya mwaka 1889, mabwana wa nchi nyingi walipokutana kujadili nyumba za bei nafuu, na sheria ya Ubelgiji ya mwaka huo huo, iliyounda kamati za kuhimiza ujenzi na kugawa zawadi za usafi na utaratibu. Alivieleza vyote kama mtu anayesimulia jinsi chanjo ya ndui ilivyofika dunia nzima. Hakusema hata mara moja kwamba wale mabibi walikuwa na ufunguo na uwezo wa kumtoa mtu nje.

"Na wazo hili zuri," alimalizia, "likavuka bahari, likaja mpaka hapa."

Picha iliyofuata ilikuwa Mama Madeleine, amesimama mbele ya mlango na beseni mkononi. Chini yake waliandika: *Fahari ya mama wa nyumbani, Katanga, 1958.*

Laurentine alisimama. Hakuomba neno.

"Yule ni mama yangu," alisema. "Ile siku haikuwa na fahari. Asubuhi walimufukuza shangazi yangu munyumba, na mutoto yake, juu picha itoke muzuri. Ule mutoto alikufa. Alikuwa anaitwa Pierre. Kwenye picha yenu hamumuone. Njo vile ile picha ilikuwa inatafuta."

Nono alimtafsiria mkuu wake sikioni. Gauthier alishika moyo wake, macho yakamlowa, akaanza kupiga makofi. Wengine wakamfuata. Walimpigia makofi Laurentine kama mtu aliyeimba vizuri. Kisha Gauthier akamwendea na kumwomba ruhusa ya kutia ushuhuda wake katika kitabu cha mradi, ukurasa wa kumi na mbili, kando ya picha.

"Mtoto amekufa, wao wanatafuta ukurasa," aliwaambia wajukuu wake alipofika nyumbani. Alicheka, lakini kicheko hakikwenda mbali.

Kilichomfanya asijitoe ni fomu. Walimpa cheo cha mkaguzi wa heshima na rundo la karatasi zenye maswali kumi na saba, na alipozisoma alitambua kila swali. Watu wangapi katika kila chumba? Kuna wakazi wasio wa familia? Jiko liko wapi? Kuna majengo ya ziada uani? Lilikuwa daftari lake la mwaka 1973, limevalishwa maneno mapya. Nyumba itakayopata alama nzuri ingepewa mabati mapya na rangi. Nyumba yenye annexe haingepata kitu hadi annexe ibomolewe, ili familia "ipate hewa na heshima".

Alipita nyumba kwa nyumba na fomu zake kwapani, akimwambia kila mtu asibomoe hata tofali moja. Wengi walimsikia. Godefroid hakumsikia. Alikuwa na miaka themanini, na bati lake lilivuja juu ya kitanda. Uani alikuwa na chumba kimoja, na ndani yake aliishi binti yake Keren na watoto watatu.

"Papa Godefroid, usifanye ile kintu," Laurentine alimwambia. "Keren atalala wapi?"

"Atalala kwa mama mukwe yake, Sakania. Ni kwa wakati kidogo tu. Banasema kisha mabati, tutaona."

"Banani banasema? Ule mutoto Nono? Hata bukari hajui kupika, njo atajua wapi Keren analala?"

"Mama Laurentine," alisema mzee, bila hasira, "ile mwaka uliandika, na mimi nilifwata. Leo tena banaandika, nafwata. Mimi nilizoea. Unataka nianze kukatala na miaka makumi munane?"

Siku ya tatu nyundo zilisikika uani kwa jirani. Keren alifunga vyombo vyake katika mashuka mawili, akawapandisha watoto nyuma ya lori la mfanyabiashara wa Sakania aliyekuwa anarudi mpakani. Mtoto mdogo alikuwa anapunga mkono, akidhani ni safari ya kufurahisha. Laurentine alisimama kwenye lango lake hadi lori likaishia kwenye kona. Alijidharau kwa kusimama tu.

Wiki mbili baadaye, Gauthier aliwaalika wakaguzi wote chakula cha mchana nyumbani kwake, villa ya kupanga mtaa wa Golf. Palikuwa na majani mabichi yaliyokatwa, viti vya kamba chini ya miti, samaki wa kuchoma na divai. Laurentine alifika na mkoba wake, na ndani ya mkoba fomu moja nyeupe. Hakuenda kwenye viti. Alianzia langoni.

Pembeni ya lango kulikuwa na chumba cha mlinzi, upana wake kama hatua tatu, dirisha moja lisilo na kioo. Mlinzi alikuwa kijana anayeitwa Djo. Ndani, kwenye godoro, mke wake Lydie alikuwa anamfunga mtoto nepi, na mbabula, jiko dogo la makala, ilikuwa inawaka karibu na mlango, kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kupikia.

"Munalala hapa bote batatu?" Laurentine aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Na mvua?"

"Mvua inaingia na hapa," alisema Djo, akionyesha ukuta. "Lakini patron ni muntu muzuri. Anatusalimia kila siku."

Laurentine aliandika. Kisha akaingia uani, akapita kati ya wageni, akaingia jikoni, akauliza vyumba vya kulala ni vingapi. Vilikuwa vitano, mtu alikuwa mmoja. Aliandika hilo pia. Gauthier alimfuata na glasi yake, akitabasamu, akidhani ni mzaha wa bibi.

Laurentine alisimama katikati ya majani, akasoma kwa Kifaransa alichofundishwa na masista, polepole, kila swali na jibu lake. Watu watatu katika chumba kimoja. Jiko: mlangoni, kwa makala. Wakazi wasio wa familia: ndiyo. Jengo la ziada: ndiyo, linavuja. Vyumba vitupu: vinne. Alipofika mwisho alijumlisha alama, akatangaza kwamba nyumba hii imeshindwa, na kwamba haiwezi kupewa mabati.

Hakuna aliyepiga makofi safari hii. Uso wa Gauthier ulikuwa mwekundu hadi masikioni. Alieleza kwamba yeye ni mpangaji tu, kwamba chumba kile alikikuta, kwamba mambo haya si ya kulinganisha.

"Na mama yangu alikuta nyumba vile vile," alisema Laurentine kwa Kiswahili, akamwachia Nono kazi ya kutafsiri. Aliweka fomu mezani, kando ya samaki, akaondoka kwa miguu hadi barabara kubwa.

Siku chache alitembea kambini kichwa juu. Wanawake walimwomba arudie hadithi, naye alirudia, akiigiza namna Gauthier alivyoshika glasi. Furaha hiyo ilidumu hadi Jumanne, alipofungua lango na kumkuta Lydie amesimama na mtoto, begi na mbabula iliyopoa.

"Mama, banatufukuza," alisema Lydie. "Patron alisema ile chumba haina ya heshima kwa jamaa. Djo anabakia peke yake. Mimi na mutoto tutafute fashi ingine ya kulala."

Gauthier alikuwa ameona aibu, na aibu yake ilifanya kile kile ambacho watu wa namna yake wamefanya siku zote: chumba kilipaswa kuwa cha mtu mmoja, kwa hiyo wawili waliobaki wakatolewa. Vile vyumba vinne vitupu havikumjia hata akilini.

Laurentine alimtazama yule mtoto. Kwa maisha yake yote aliamini kwamba ukiwakaripia watu kama Gauthier kwa maneno yao wenyewe, watasikia. Sasa aliona kwamba kwa mara ya pili alikuwa ameandika kwenye karatasi, na watu wakatolewa nyumbani.

"Djo anasema nini?" aliuliza.

"Anasema, ule mama alitusaidia namna gani?" Lydie aliinamisha macho. "Nisamehe, mama. Njo vile alisema."

"Anasema kweli. Ingia."

Aliwahamisha wajukuu wake wawili katika chumba kimoja cha annexe, wakanung'unika siku nzima, na chumba cha pili akampa Lydie. Djo alikuja kila Jumapili. Nono alipopita na tableti yake kufanya hesabu ya mwisho ya wakazi, Laurentine alimzuia langoni.

"Muko bangapi sasa, mama?" Nono aliuliza.

"Andika: hakuna muntu."

"Mama Laurentine, bila namba hamupate mabati."

"Uliona namuomba muntu mabati? Mwanangu, wewe uko mutoto wa hapa. Nyumba ya mama yako iko na annexe?"

Nono alishusha tableti. "Iko."

"Kwenda kaivunje ile kwanza."

Yule binti aliibana tableti yake kifuani, akageuka, akaenda nyumba inayofuata. Hakuacha kazi; katika hadithi za uongo angeiacha.

Toit Exemplaire walimaliza mwaka uliofuata. Nyumba kumi na moja zilipata mabati, na zote zilipakwa rangi upande wa mbele tu, kwa sababu nyuma hapaonekani barabarani. Walipiga picha, wakatoa kitabu, wakahamia mji mwingine kusaidia huko. Ushuhuda wa Laurentine umo ukurasa wa kumi na mbili, umefupishwa hadi mistari mitatu. Shangazi Bwalya hamo, na Pierre hamo. Imebaki kwamba mama yake alipenda usafi.

Godefroid alipata mabati yake. Msimu wa mvua alilala pakavu, peke yake, katika ua mtupu. Aprili, mvua zilipokatika, alitoka na koleo akaanza kupanga matofali yale yale ya zamani pale pale yalipokuwa. Laurentine alimwona kutoka kwake, akavua viatu, akaenda kumsogezea matofali mawili mawili, mwanamke wa miaka sabini na moja, akisema maneno kuhusu Wabelgiji ambayo hayafai kuandikwa.

"Tufanye vyumba viwili," alisema Godefroid.

"Tufanye."

Mabati yalitosha chumba kimoja tu. Keren alirudi mwezi wa saba na watoto wawili. Yule mkubwa alikuwa ameanza shule Sakania, bibi yake akakataa kumwachilia. Godefroid amempigia mjukuu huyo simu mara nyingi. Mtoto anasema atakuja likizo, labda.